Ng'ombe Aliyesoma Kidato cha Sita

Theodosia ni rafiki yangu na ninampenda, lakini ni muongo. Mwezi uliopita tulikutana Katesh nyumbani kwa Udagwenga, sisi tuliomaliza pamoja kidato cha sita, tukala mpaka tukafungua vifungo, na chai ilipoletwa Theodosia akawageukia watoto wa Uda waliokuwa wamekaa mkekani. "Mnajua mkuu wetu wa shule alimla ng'ombe wa bibi yenu?" Watoto wakatoa macho. Nikamwambia, "Wewe Theo, acha hizo!" Wapi! Aliendelea, eti mkuu alimla akamaliza, eti akatafuna na mkia, na Uda mwenyewe badala ya kumkanya alikuwa anacheka huku amejishika mbavu. Mimi niliudhika kweli. Hadithi ile ni ya kwangu kama ilivyo ya kwao, na kila tukikutana inazidi kuota pembe. Kwa hiyo naiandika kama ilivyokuwa. Nani alimzaa nani kwetu Tlawi nitaacha, anayetaka aende akaulize, ataambiwa mpaka achoke. Mimi naandika mwaka mmoja tu, ule wa mwisho wa shule, na nauandika kwa raha kwa sababu sijawahi kuwa na mwaka mwingine nilioucheka namna ile.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana, juu huko Mbulu kwenye baridi, mahali ambapo asubuhi ukifungua mlango wa bweni ukungu unaingia kabla wewe hujatoka. Kwa wa mwaka wa mwisho kulikuwa na kombi tatu, yaani michepuo ya masomo. Kulikuwa na watu wa historia na lugha, waliotembea na khanga mabegani wakijiona mawakili tayari. Kulikuwa na watu wa kemia, baiolojia na jiografia, CBG, ambao ndio walikuwa wengi. Halafu tulikuwa sisi wa CBA, kemia, baiolojia na kilimo, kikundi kidogo kilichoenea kwenye benchi chache, na shule nzima ilituita "majembe." Sikujali. Nilitaka kuwa daktari wa mifugo, sikutaka kitu kingine chochote duniani, na njia niliyoiona mimi ilipitia kwenye somo la kilimo. Darasa letu lilikuwa stoo ya zamani yenye mlango mpana wa mbao, uliotengenezwa hivyo ili mkokoteni wa mahindi uingie. Ndani kulinuka dawa ya kuogeshea mifugo, vumbi la pumba, na masweta yetu yasiyokauka. Ukutani tulichora tumbo la ng'ombe na vyumba vyake vyote kwa chaki za rangi, likawa kubwa kuliko ramani ya Afrika waliyokuwa nayo wenzetu wa jiografia, na tulijivunia hilo bila aibu. Hadi leo nikiingia kwenye duka la pembejeo nikasikia harufu ya ile dawa, moyo wangu unachangamka.

Muhula ulipoanza tu, mkaguzi alikuja. Alikagua vitabu, akakagua maabara, akatoka na mwalimu wetu wa kilimo, Mwalimu Sulle, kwenda kwenye banda. Mwalimu Sulle alikuwa kijana, ndiyo kwanza anaanza kazi, na alivaa tai hata akienda kupalilia. Tuliwafuata kwa macho kutoka dirishani. Banda lilikuwepo, zuri, limepigwa chokaa. Ng'ombe hakuwemo. Yule wa zamani alikuwa amekufa wakati wa likizo na hakuna aliyeijaza nafasi yake. Mkaguzi akazunguka banda, akachungulia kama vile labda ng'ombe amejificha, akasema kwa sauti tuliyoisikia: "Mwalimu, mtihani wa vitendo utafanywa kwa kuku?" Wiki ile ile mkuu wa shule alituita ofisini kwake.

Mkuu wetu, Mwalimu Kibwana, alikuwa mtu wa Pangani. Nani alimleta kwenye baridi yetu sijui, ila alivaa masweta mawili, moja juu ya jingine, na kofia ya kushonwa juu ya kichwa, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka tulikuwa tunafanya makosa madogo makusudi ili atugombeze. Siku ile hakugombeza. Alitukaribisha tukae, akatuambia taratibu kwamba somo la kilimo bila mnyama halitaruhusiwa kufanyiwa mtihani, kwamba yeye ameangalia kila upande, na kwamba njia iliyobaki ni tuhamie jiografia pamoja na wadogo zetu wa kidato cha tano walio nyuma yetu. "Jiografia ni somo zuri, wanangu," alisema. "Halina homa, halili majani." Wenzangu walicheka kidogo kwa adabu. Mimi nililia pale pale, kamasi na kila kitu. Kusoma jiografia ya miaka miwili kwa miezi iliyobaki! Na udaktari wa mifugo ndio umeondoka hivyo. Theodosia alinipa leso yake, na hilo namshukuru, muongo au si muongo.

Usiku kabla ya taa kuzimwa tulikaa kwenye kitanda cha Uda. Lazima niseme habari zake. Udagwenga alitoka Hirbadaw, chini huko kwenye uwanda wa Hanang, kwa Wadatooga wafugaji, na alikuwa mtu wa maneno machache sana. Sisi tulikuwa tunapiga kelele, huyu anasema tumwandikie waziri, yule anasema tugome kula, na Theodosia, ambaye hajawahi kugoma kula maishani mwake, anasema yuko tayari. Uda alisubiri tuchoke. Halafu akasema, "Nitamwomba mama ng'ombe." Tukacheka. Akasema tena, bila kupandisha sauti, "Ana ng'ombe wake mwenyewe. Nitamwomba." Likizo fupi ilipofika alishuka nyumbani, na shule ilipofunguliwa alirudi kwa miguu, yeye na kaka yake mkubwa na mama yake, wakiwa wametembea kutoka Hirbadaw, wakalala njiani, mara ya mwisho Tumati kwa watu wanaofahamiana nao, na mbele yao anatembea ng'ombe jike wa rangi ya moshi, mwenye nundu na pembe fupi, anaangalia shule yetu kama mtu aliyeletwa kuinunua. Tulimwita Moshi kutokana na rangi. Theodosia, ambaye kwao ni Moshi mjini, alinuna siku nzima.

Sasa hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa mbele ya watu wote mchana kweupe. Tulikusanyika uwanjani. Mama Uda alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, na sketi ya ngozi iliyokuwa ikitoa sauti akitembea. Kiswahili alikisikia kidogo, kukisema hakutaka, kwa hiyo Uda alitafsiri. "Mama anasema anamweka ng'ombe wake hapa kwa rafiki. Maziwa ni yenu. Samadi ni yenu." Mkuu akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamelowa, akasema zawadi hii shule haitaisahau, Mungu amzidishie. Uda akamtafsiria mama kwamba mwalimu anashukuru sana. Tukapiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu. Hakuna hata mmoja wetu, Muiraqw kama mimi au Mdatooga kama Uda, aliyefikiri kuna jambo la kueleza pale, kwa sababu nani asiyejua? Kwetu Tlawi nusu ya ng'ombe waliolala zizini hawakuwa wetu, na wa kwetu wengine walikuwa wamelala kwa watu wengine. Unamweka ng'ombe kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, anatumia samadi, na akimlea vizuri akazaa vizuri, siku moja anaweza kupewa ndama. Lakini kumuuza hawezi, kumchinja hawezi, na hata akifa kwa ugonjwa anakupelekea ngozi na kukueleza alivyokufa. Ng'ombe ni wa mwenyewe siku zote, kinachokaa kwako ni urafiki. Mambo haya mtoto wa huku anayajua kabla ya kujua kusoma. Mtu wa Pangani angeyajulia wapi? Hakuna aliyewaza hilo.

Miezi iliyofuata ilikuwa raha tupu. Kabla ya Moshi kuja chai yetu ilikuwa ya rangi, nyeusi, yenye sukari ya kubahatisha. Sasa darasa la kilimo tulikamua kwa zamu alfajiri, vidole vimekufa ganzi, ukungu umetuzunguka, na maziwa yalipoanza kugonga ndoo tulikuwa tunanyamaza wote kusikiliza. Mengi yalikwenda kwenye sufuria kubwa ya uji wa shule. Yaliyobaki tuliyachemsha wenyewe nyuma ya darasa, tukatia majani ya chai na tangawizi, na wenzetu wa CBG walikuja na vikombe wamevificha chini ya masweta. "Jamani majembe, shikamooni." Theodosia alisimama mlangoni kama polisi. "Jiografia imetoa nini leo? Mvua za wastani? Nenda ukanywe mvua." Kisha aliwapa, kwa sababu roho yake ni laini. Moshi hakuizoea baridi yetu, alitetemeka, kwa hiyo tulimshonea koti la magunia, na Jumapili tulipotoka kanisani tulipita bandani kumsalimia tukiwa bado na nguo nzuri. Mwalimu Sulle alifundisha nje, kamba mkononi, tai shingoni, na yale tuliyokuwa tunayakariri kwenye mchoro ukutani sasa tuliweka sikio ubavuni tukayasikia yakinguruma. Nimesoma chuo kikuu baadaye, kwenye vyumba vyenye vioo na mashine. Sikumbuki somo lililoniingia kama yale.

Mahafali yetu yalipangwa kabla ya mtihani. Wiki hiyo nilikuwa zamu ya jikoni, nimekaa kwenye kigoda namenya viazi nyuma ya gunia la mkaa, mkuu akaingia kuzungumza na mpishi bila kuniona. "Mgeni rasmi hatuwezi kumlisha maharage," alisema. "Nimeshaiambia bodi kutakuwa na pilau ya nyama. Ijumaa asubuhi mchinjaji atakuja. Tunaye yule ng'ombe wa zawadi, na mzazi aliyemtoa atafurahi, aone shule imemkirimia mgeni kwa zawadi yake." Mpishi, mama wa pale pale kijijini, aliangusha mwiko. Alisema tu, "Mh, mwalimu," na mwalimu akadhani anasifiwa. Mimi niliacha viazi vyote, nikakimbia na kisu mkononi mpaka darasani. Matroni aliyeniona akapiga ukelele.

Tulikwenda ofisini, mimi, Uda na Theodosia, tukiongozwa na Mwalimu Sulle. "Shikamoo mkuu." "Marahaba wanangu, kuna nini?" Nikamwambia yule ng'ombe si wetu, amewekwa tu. Akatabasamu kwa upole wa mtu anayemwelewesha mtoto. "Paskalina, mama alimleta mbele ya umati, akamkabidhi, watu wakapiga makofi. Kwetu mnyama wa namna hiyo ni wa karamu. Kumla ndiko kumheshimu aliyemtoa." Mwalimu Sulle akajaribu, "Mkuu, kwa mila ya huku..." na mkuu akamkata, "Nimeshaahidi, mwalimu. Bodi nzima inajua." Nikauliza, je mtihani wa vitendo? Akasema tutaazima ng'ombe kwa jirani kwa siku ile. Hapo nilishindwa kujizuia. "Mkuu, hakuna mtu wa Mbulu wala wa Hanang atakayeiazima ng'ombe shule iliyomla ng'ombe wa rafiki! Hata kuku hawatatupa!" Akaniambia nipunguze sauti. Nilipomtazama Uda niliona anauma mdomo, na nikaelewa kwamba kwake yeye lilikuwa zaidi ya mtihani. Angerudije Hirbadaw kumwambia mama yake?

Wakati ule simu zilikuwa za watu wachache, na mtandao ulipatikana juu ya kilima nyuma ya tanki la maji. Mwalimu Sulle alimpa Uda simu yake bila kusema kitu, akageuka akaangalia pembeni. Uda alimpigia mfanyabiashara mmoja wa mnadani kwao, akaongea Kidatooga, maneno machache kama kawaida yake, akakata. "Umemwambia nini?" tukauliza. "Nimesema wamwambie mama kinachotaka kufanyika." "Atakuja?" "Atakuja." "Peke yake?" Uda akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kwenye jambo kama hili mama haendi peke yake."

Ijumaa mchinjaji alifika mapema na visu vyake vimefungwa kwenye gazeti. Mpishi akampa uji, akamwongeza, akamwongeza tena, lakini mtu ana tumbo moja. Hapo ndipo Mwalimu Sulle, kijana yule mpole wa tai, alipofanya jambo ambalo mpaka leo nikimwona barabarani nainama kumwamkia kwa heshima zote. Mkuu alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: kipindi hakiingiliwi. Mwalimu akiwa anafundisha, hata mgeni wa wilayani alikaa nje akasubiri, na tulikuwa tumeshuhudia hivyo. Mwalimu Sulle alituita bandani. "Wasichana, leo tuna vipindi vya mfululizo. Leteni kielelezo cha kufundishia." Tukamvuta Moshi, huyu anasukuma, yule anamshawishi kwa jani la mgomba, tukamwingiza kupitia ule mlango mpana mpaka ndani ya darasa, tukafunga. Alisimama mbele, chini ya mchoro wa tumbo lake mwenyewe, na koti lake la gunia. Akajisaidia sakafuni mara moja. "Andikeni tarehe," alisema Mwalimu Sulle.

Mkuu alikuja. Tulisikia viatu vyake, tukasikia anagonga. "Mwalimu Sulle, yule ng'ombe yumo humo?" "Yumo mkuu, nafundisha." Tuliziba midomo kwa madaftari. Theodosia alikuwa amelala juu ya dawati, mabega yanatingishika. "Kipindi kinaisha saa ngapi?" "Tumeanza mmeng'enyo wa chakula, mkuu. Ni mada ndefu." Mkuu akasimama pale, tulimwona kupitia ufa wa mlango, mkono umeinuliwa kugonga tena, kisha akaushusha. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Akaenda kukaa na mchinjaji kwenye benchi chini ya ukuta, na kipindi kikaendelea, kikaendelea, tukamaliza mmeng'enyo tukaingia kwenye kwato, tukamaliza kwato tukaingia kwenye ngozi. Nilikuwa nacheka na kuogopa hapo hapo. Mwalimu alianza kukaukiwa sauti. Alikuwa anarudia magonjwa ya ngozi mara ya pili tuliposikia lori linapanda kilima.

Lilikuwa lori la kubeba ng'ombe wa mnadani, na nyuma, mahali pa ng'ombe, walikuwa wamesimama wanawake. Walishuka mmoja mmoja, sketi za ngozi, shanga, shaba mikononi, kila mmoja na fimbo. Hawakusalimia mtu. Walikwenda moja kwa moja katikati ya uwanja wa netiboli, wakakaa chini kwenye nyasi. Mabweni, bwalo, ofisi, kila mtu alitoka nje. Kwa Wadatooga wanawake wana baraza lao, na mwanaume aliyemkosea mwanamke anaitwa mbele ya baraza hilo, awe mume, awe jirani, awe nani. Ng'ombe yule Mama Uda alipewa na baba yake siku alipoolewa. Hata mumewe hakuwa na haki ya kumgusa bila kumwuliza. Kumchinja kulikuwa ni kumkosea yeye mwenyewe, na jambo lilikuwa la wanawake. Mkuu alikuja na tabasamu lake, mikono imefunguliwa, "Karibuni, karibuni mama zangu," na mzee mmoja kati yao akamwonyesha kwa fimbo mahali pa kusimama. Akasimama. Uda akaitwa kutafsiri, maskini, akaenda kusimama katikati yao.

"Wanauliza, ng'ombe huyu ulipewa na nani?" "Na mama huyu hapa." "Wanauliza, alikuambia uchinje?" "La, hakusema." "Alikuambia ni wako?" Mkuu akafikiri. "Mimi nilidhani..." Uda akasikiliza jibu lililorushwa kabla mkuu hajamaliza. "Mwalimu, samahani. Wanasema wewe ni mwalimu, usiwaambie ulichodhani." Kicheko kilianza nyuma kwa watu wa historia na lugha, matroni akakizima. Basi mkuu akavua kofia yake ya kushonwa, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na akasema kwa Kiswahili chake kile kizuri, "Sikujua. Na asiyejua ilimpasa aulize. Watoto waliniambia, sikuwasikiliza. Nimekosa, mama zangu, nisameheni." Nilimheshimu sana dakika ile. Nimewajua wakubwa wengi tangu siku hiyo, wenye magari na walinzi, na sijaona mwingine aliyesema hivyo mbele ya wanafunzi wake wote.

Faini ya desturi ni dume jeusi la ng'ombe. Mkuu akasema hana dume la rangi yoyote. Wanawake wakashauriana, kisha yule mzee akaelekeza fimbo nyuma ya nyumba ya mkuu, kwenye kondoo wawili wanono aliokuwa anawafuga ili awapeleke kwao Pangani likizo. "Wale ni wa nani?" Mkuu akafumba macho. "Wangu." Jambo likaisha hapo, au tulidhani limeisha, mpaka Mama Uda aliposimama akasema maneno ambayo Uda alichelewa kuyatafsiri. "Mama anasema watoto wafanye mtihani wao. Mpaka siku hiyo, atakayemlisha na kumkamua ni wewe mwenyewe, mwalimu, kwa mikono yako. Na mtihani ukiisha, atakuja kumchukua." Shule ililipuka kwa vigelegele. Ni sisi wa kilimo tu ambao furaha yetu ilikuwa na doa, kwa sababu tuliwaona wadogo zetu wa kidato cha tano wamesimama pembeni hawapigi vigelegele. Sisi tumepona. Kwao mwakani ni jiografia.

Mchinjaji alipata kazi yake. Kondoo walichinjwa, na nyama ya faini hiyo huliwa na wanawake peke yao, mwanaume haigusi. Wanawake wa baraza wakatuangalia, shule nzima ya wasichana, wakacheka kwa mara ya kwanza tangu washuke kwenye lori, wakatuita. Tulikula kwa mikono kwenye nyasi, kila mtu kipande chake kidogo, na mchuzi ukaenda mpaka kwa wa mwisho. Walimu wanaume walikaa barazani ofisini wakijifanya wanasahihisha. Mwalimu Sulle, shujaa wetu, alikuwa anameza mate tu, na mpishi akamfunikia chapati kwa huruma. Kesho yake mgeni rasmi, mwanaume wa heshima mwenye suti, aliandaliwa makande ya maharage. Aliyala yote, akasema kwenye hotuba hajala makande kama yale tangu utotoni. Kwa hiyo Theodosia asikie: mkuu hakumla ng'ombe. Mkuu hata kondoo wake mwenyewe hakuwaonja.

Na alimkamua! Alfajiri ya kwanza alikuja na viatu vya mpira vya Mwalimu Sulle vilivyomzidi, masweta yake mawili, na ndoo. "Tulia, mwanangu, tulia bibi," alimbembeleza Moshi kwa sauti ya Pangani, na Moshi akapiga ndoo teke. Tulimfundisha sisi, mimi nimechuchumaa upande huu, yeye upande ule, namwambia, "Mkuu, usivute, bana kutoka juu." "Hivi?" "Hivyo hivyo, mkuu." Mwishoni alikuwa anakuja kabla ya kengele, na tulimkuta bandani anamsimulia mambo ya bodi ya shule. Mtihani wa vitendo ulipofika Moshi aliletwa amepigwa brashi mpaka anang'aa. Nilimkadiria umri kwa meno, nikaeleza kila kilichokuwa ndani ya ubavu ule. Nilitoka nje nikapiga kelele za furaha mpaka nikakohoa. Nilijua nimefaulu, na nilikuwa nimefaulu.

Mama Uda alikuja siku tuliyokuwa tunafunga masanduku. Safari hii alikuja na mwanawe wa kiume tu, na mkononi ana kamba mpya ya ngozi, iliyosukwa vizuri. Tulikwenda bandani wote, hakuna aliyeitwa. Mkuu alimtoa Moshi mwenyewe, akasimama naye, hakuomba wala hakujitetea. "Shikamoo mama," tukasema. "Marahaba." Alimzunguka ng'ombe wake polepole. Akamfungua mdomo, akampapasa kiwele, akatia kidole chini ya koti la gunia akaangalia ngozi. Kisha akaishika mikono ya mkuu, akaigeuza viganja juu, akaiangalia nayo. Nyuma yetu walisimama wa kidato cha tano. Akauliza kitu, na Uda akatafsiri: "Hawa nao wanasoma nini?" "Kilimo, mama," mkuu akajibu. "Na mtihani wao?" "Mwakani."

Mama Uda akaifungua shingoni mwa Moshi ile kamba yetu ya katani, akaitupa chini, akamfunga hii mpya aliyokuja nayo, akavuta fundo kuhakikisha limekaza. Tulisubiri ageuke aanze kumvuta kwenda nyumbani. Badala yake ncha ya kamba alimwekea mkuu kiganjani, akamkunja vidole juu yake.

"Kamba yenu imechakaa," alisema, na alisema kwa Kiswahili. Kisha akamwita mwanawe, wakateremka kilima kurudi Hirbadaw.